Je, kubana mkono kwa mkanda wa presha kunaweza kuulinda moyo kama mazoezi?

"Nina umri wa miaka 54, natumia kidonge kimoja cha presha kila asubuhi, na baba yangu alifariki kwa mshtuko wa moyo. Nimesoma kwamba ukibana mkono kwa mkanda wa kupimia presha kwa dakika 5, ukauachia dakika 5, na kurudia hivyo mara 4 kila siku, moyo unakuwa sugu na hauwezi kuumia hata mshipa wake ukiziba. Goti langu linanisumbua, kwa hiyo natembea siku chache tu kwa wiki. Je, nifanye zoezi hili la mkono badala ya mazoezi ya mwili, au nichanganye yote mawili? Kuukosesha mkono damu kila siku hakuwezi kuuharibu? Rafiki yangu anayekimbia mbio ndefu hufanya hivyo kabla ya mashindano na anasema kasi yake inaongezeka."

Ndugu msomaji, hofu iliyo nyuma ya swali lako inaeleweka kabisa. Mtu aliyempoteza baba yake kwa maradhi ya moyo, kisha naye akaanza kumeza dawa ya presha, ana kila sababu ya kutega sikio anaposikia habari ya kinga rahisi. Nitakujibu kwanza kwa ufupi, kisha nieleze sababu, kwa maana sababu ndizo zitakazokusaidia kutenganisha ukweli na chumvi iliyotiwa juu yake. Kubana mkono hakuwezi kuchukua nafasi ya mazoezi ya mwili. Kunaweza kufanywa pamoja na mazoezi na mtu ambaye daktari wake ameridhika kwamba hana kizuizi, lakini faida yake kwa mtu kama wewe, kwa ushahidi uliopo, ni ndogo, na haijathibitishwa kwamba inazuia mshtuko wa moyo. Ile ahadi ya kwamba moyo hauwezi kuumia hata mshipa ukiziba si ya kweli, nami nitaanza nayo kwa sababu ndiyo yenye hatari kuliko yote.

Wazo lenyewe si uzushi. Mwaka 1986 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, Charles Murry, Robert Jennings na Keith Reimer, walichapisha matokeo yaliyowashangaza wataalamu wa moyo. Waliziba ateri moja ya moyo wa mbwa kwa dakika 40, kisha wakapima ukubwa wa msuli uliokufa. Katika kundi jingine waliiziba ateri hiyo kwa dakika 5 na kuifungua kwa dakika 5, mara 4, kabla ya kuiziba kwa zile dakika 40. Ungetarajia kundi hili la pili liumie zaidi, kwa kuwa jumla ya muda wa kukosa damu ilikuwa kubwa zaidi. Badala yake, eneo la msuli lililokufa lilikuwa takriban robo tu ya lile la kundi la kwanza. Lakini ndani ya utafiti huohuo kulikuwa na jambo ambalo wanaosambaza habari hii hawalitaji: ateri ilipozibwa kwa saa 3, tofauti kati ya makundi hayo mawili ilitoweka. Maandalizi haya, basi, huchelewesha kifo cha msuli lakini hayakizuii, na muda unaopatikana una thamani pale tu mshipa unapofunguliwa hospitalini mapema. Mtu anayeamini kwamba moyo wake umekuwa sugu, kisha akapata maumivu ya kifua na kuamua kusubiri nyumbani, anapoteza kitu kilekile ambacho mbinu hii ingeweza kumpa.

Hatua ya kutoka moyoni kwenda mkononi ilikuja baadaye. Mwaka 1993 Karin Przyklenk na wenzake walionyesha kwamba ukiziba tawi moja la ateri za moyo kwa vipindi vifupi, hata msuli unaolishwa na tawi jingine hupata kinga. Kama kinga inaweza kusafiri kutoka upande mmoja wa moyo hadi mwingine, basi ilikuwa halali kuuliza kama inaweza kutoka mbali zaidi. Mwaka 2002 Rajesh Kharbanda na wenzake walitoa jibu: kwa watu, kubana mkono mmoja kuliilinda mishipa ya mkono wa pili, na kwa nguruwe, kubana mguu kulipunguza jeraha la moyo. Tangu hapo, mkanda wa kawaida wa presha ukawa chombo cha utafiti.

Kinachotokea mkononi unaweza kukifuatilia kwa macho. Mkanda unapojazwa hewa mpaka kupita presha yako ya juu, yaani namba ya kwanza ya kipimo, mapigo kwenye kifundo cha mkono hupotea, kiganja hupauka, na baada ya dakika chache vidole huanza kuchoma na kufa ganzi. Ndani ya msuli oksijeni inapungua, nishati inatumika bila kurudishwa, na adenosini na kemikali nyingine hujikusanya. Mkanda ukiachiwa, damu hurudi kwa kishindo, ngozi huwa nyekundu na kupata joto, na zile kemikali huingia katika mzunguko wa mwili. Kiungo kilichobanwa kinakuwa kimepiga mbiu, na viungo vingine husikia. Mbiu hiyo hupita njia mbili zinazosaidiana, yaani mishipa ya fahamu na damu. Tunajua damu inahusika kwa sababu majimaji yaliyochujwa kutoka katika damu ya mtu aliyebanwa mkono huweza kuulinda moyo wa mnyama uliotengwa maabara. Na tunajua mishipa ya fahamu inahusika kwa sababu kuikata au kuizima katika majaribio ya wanyama hudhoofisha kinga yenyewe.

Ujumbe ukifika moyoni huamsha mfululizo wa vimeng'enya ndani ya seli, na mwisho wa safari yake ni kwenye mitokondria, viwanda vya nishati vya seli. Mshipa uliokuwa umeziba unapofunguliwa ghafla, damu inayorudi huleta madhara yake: mitokondria hufunguka matundu, huvimba, na seli iliyokuwa bado hai hufa. Maandalizi haya hufanya matundu hayo yachelewe kufunguka. Kinga huja kwa awamu mbili. Ya kwanza huanza mara moja na kudumu kwa saa chache. Ya pili huibuka baada ya takriban saa 12 hadi 24 na kuendelea hadi siku ya 3 hivi, kwa kuwa hiyo inategemea seli kutengeneza protini mpya. Wazo la kurudia zoezi kila siku lilitokana na awamu hii ya pili: kama kinga inaisha baada ya siku chache, basi iamshwe tena kabla haijaisha.

Hadi hapo habari ni nzuri, na ninaelewa kwa nini imeenea. Ugumu ulianza mbinu hii ilipopelekwa kwa wagonjwa wengi. Mwaka 2015 majaribio mawili makubwa, ERICCA la Uingereza na RIPHeart la Ujerumani, yaliyowahusisha wagonjwa wa upasuaji wa moyo wapatao 3,000 kwa pamoja, hayakuona faida yoyote kwa waliobanwa mkono kabla ya upasuaji. Mwaka 2019 jaribio la CONDI-2/ERIC-PPCI liliwafuata wagonjwa zaidi ya 5,000 waliofikishwa hospitalini wakiwa na mshtuko mkubwa wa moyo. Baada ya miezi 12, waliofariki kwa maradhi ya moyo au kulazwa kwa moyo kushindwa kazi walikuwa asilimia 9.4 kwa waliobanwa mkono na asilimia 8.6 kwa wasiobanwa, tofauti ambayo kitakwimu haina maana. Zipo sababu zinazotajwa: baadhi ya dawa za usingizi za upasuaji huingilia kinga hii, umri mkubwa na kisukari huififisha, na wagonjwa wa leo hutibiwa haraka kwa dawa nzuri kiasi kwamba nafasi ya kuongeza faida imebaki finyu. Sababu hizo zina uzito kwa watafiti. Kwako wewe uzito uko kwenye matokeo, nayo yanasema kwamba kilichofanya kazi kwa mbwa na nguruwe hakijaokoa maisha ya wagonjwa wa moyo.

Kwa upande wa kiharusi picha imechanganyika zaidi. Jaribio la RICAMIS lililofanywa China na kuchapishwa mwaka 2022 liliwahusu wagonjwa wa kiharusi cha kiasi waliobanwa mikono mara 2 kwa siku kwa siku 10 hadi 14. Baada ya siku 90, waliopona vizuri walikuwa asilimia 67.4, dhidi ya asilimia 62.0 ya waliopewa matibabu ya kawaida peke yake. Lakini wagonjwa hao walijua kama wanabanwa au la. Jaribio la RESIST la Denmark la mwaka 2023, ambamo kundi la kulinganisha lilibanwa kwa shinikizo dogo lisilozuia damu, halikuona faida. Jaribio jingine la China, RICA, lililowahusu zaidi ya watu 3,000 wenye ateri za ubongo zilizosinyaa, liliwataka wajibane kila siku kwa miezi 12, nalo pia halikuonyesha kwamba kiharusi kinachotokana na mshipa kuziba kilipungua kwa kiasi cha kuaminika. Hili la mwisho ndilo linalokaribiana zaidi na jambo unalotaka kulifanya, na ninakuomba ulipime kwa uzito wake.

Je, basi, kurudia zoezi hili kila siku hakuna athari yoyote? Ipo, na iko kwenye mishipa ya damu. Ukuta wa ndani wa ateri umefunikwa na tabaka jembamba la seli zinazotoa nitriki oksidi, gesi inayoilegeza ateri na kuiacha itanuke. Kila mkanda unapoachiwa, damu inayorudi kwa kasi hulisugua tabaka hilo na kulichochea litoe gesi hiyo kwa wingi zaidi. Helen Jones na wenzake waliwabana mkono vijana wenye afya kila siku kwa siku 7, wakakuta uwezo wa ateri kutanuka umeongezeka katika mikono yote miwili, na ongezeko hilo lilikuwa bado lipo siku 8 baada ya kuacha. Kubana mara 3 kwa wiki kwa wiki 8 kulitoa mwelekeo kama huo. Kuhusu presha, tafiti ndogo kadhaa ziliona ikishuka kidogo, nyingine hazikuona. Hayo ni mabadiliko ya kweli ya mwili, lakini mshipa unaotanuka vizuri zaidi katika kipimo cha maabara si sawa na mshtuko wa moyo uliozuiwa, na tafiti zenyewe zilikuwa za watu wachache.

Sasa linganisha na kinachotokea unapotembea kwa kasi. Moyo huongeza mapigo, damu hupita kwa nguvu katika ateri za mwili mzima kwa nusu saa nzima, na lile tabaka la ndani husuguliwa kila mahali, si mkononi tu. Misuli inayofanya kazi hutoa adenosini na kemikali nyingine zilezile. Watafiti waliochukua damu ya watu baada ya mazoezi makali, wakaichuja na kuipitisha katika moyo wa sungura, walikuta jeraha limepungua kwa namna inayofanana na ile ya damu ya waliobanwa mkono. Kwa maneno mengine, ishara unayotafuta kwenye mkanda tayari inapatikana kwenye mazoezi. Hata madaktari wa zamani waliona dalili zake: William Heberden, daktari wa Uingereza wa karne ya 18 aliyeeleza kwa kina maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, aliandika habari za mgonjwa aliyejipangia kukata mbao kwa msumeno nusu saa kila siku na akakaribia kupona.

Mazoezi huongeza pia mambo ambayo mkanda hauwezi kuyagusa. Moyo hujifunza kusukuma damu nyingi kwa kila pigo, misuli huongeza mitokondria na kutumia sukari vizuri zaidi, mafuta ya tumboni hupungua, mifupa na mizani ya mwili huimarika, na kwa mtu mwenye presha, mazoezi ya kawaida ya kutembea au kuendesha baiskeli huweza kuishusha presha ya juu kwa takriban milimita 5 hadi 8 za zebaki. Mtu aliyekaa kitini akibanwa mkono kwa dakika 40 hajatumia nishati ya maana wala hajaujenga moyo wake. Ukifanya yote mawili, usitarajie faida mara mbili, kwa sababu yote hupita katika njia zilezile, na kwa mtu anayefanya mazoezi ya kutosha nafasi iliyobaki kwa mkanda ni ndogo. Mimi naona nafasi yake ya kweli, kama ipo, ni kwa watu wasioweza kabisa kufanya mazoezi, tena chini ya uangalizi wa kitabibu. Wewe hujafikia hapo.

Kuhusu rafiki yako mkimbiaji, hasemi uongo. Mwaka 2010 waendesha baiskeli waliobanwa miguu kabla ya kipimo waliongeza nguvu yao ya juu kabisa kwa asilimia 1.6 na uwezo wa kutumia oksijeni kwa asilimia 3, na mwaka uliofuata waogeleaji wa kiwango cha juu walipunguza muda wao wa mita 100 kwa wastani wa sekunde 0.7, ambao kwao ni muda mkubwa. Tatizo ni kwamba baadaye, pale kundi la kulinganisha lilipobanwa kwa shinikizo dogo na kuambiwa kwamba litawasaidia, baadhi ya tafiti zilikuta hao nao wameongeza kasi kwa kiasi hichohicho. Sehemu ya faida inatokana na imani ya mchezaji, na hakuna aibu katika hilo, lakini ni jambo la sekunde za mashindano na halihusiani na kukukinga wewe na ugonjwa uliompata baba yako.

Nije kwenye hofu yako ya kuuharibu mkono. Madaktari wa upasuaji wa viungo huzuia damu ya mkono au mguu kwa muda mrefu zaidi, na madhara kwa misuli na mishipa ya fahamu huhofiwa hasa muda unapokaribia au kupita saa 2. Dakika 5 ziko mbali sana na kiwango hicho, na katika majaribio niliyoyataja malalamiko ya kawaida yalikuwa maumivu, ganzi ya muda na vidoa vyekundu kwenye ngozi. Hatari huja mtu anapotumia kamba, mpira au mkanda mwembamba, ambao hukandamiza mishipa ya fahamu mahali pamoja, au anapobana mikono yote miwili kwa muda asioupima. Elewa pia kwamba mashine nyingi za presha za nyumbani hazifai kwa kazi hii, kwa kuwa hujaza hewa na kuiachia zenyewe baada ya muda mfupi. Kuilazimisha mashine irudie kujaza mfululizo hakutoi zile dakika 5 za utafiti, na vipimo vya presha utakavyopata katikati ya zoezi hilo visikuongoze kubadilisha dawa.

Wapo watu ambao sitaki wajaribu hata mara moja bila daktari: mwenye selimundu, aliyewahi kuganda damu kwenye vena za ndani, mwenye ateri za miguu au mikono zilizosinyaa, anayesafishwa damu kwa mshipa uliotengenezwa mkononi, aliyeondolewa tezi za kwapani kwa sababu ya saratani ya titi, mwenye vidonda au ganzi ya kudumu kwenye kiungo husika, mjamzito, na yeyote ambaye presha yake haijadhibitiwa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anaweza kuvilia damu kwa urahisi. Mwenye kisukari ajue zaidi ya hapo kwamba ugonjwa wenyewe hudhoofisha ishara hii, na kwamba glibenklamidi, dawa ya kisukari inayotumika sana, iliizuia kinga hiyo katika tafiti za maabara. Hiyo si sababu ya kuacha dawa, ni sababu ya kutoutegemea mkanda.

Kikwazo chako halisi ni goti, na hapo ndipo ningependa nguvu zako ziende. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Dakika hizo si lazima ziwe za kutembea. Baiskeli ya kukaa yenye kiti kilichoinuliwa vizuri, kuogelea au kutembea ndani ya maji hulipunguzia goti mzigo huku moyo ukifanya kazi yake. Goti lililosagika, jambo ambalo ni la kawaida katika umri wako, mara nyingi hupata nafuu misuli ya mbele ya paja inapoimarishwa, kwa hiyo kulipumzisha kabisa huweza kulizidishia udhaifu. Anza na dakika 10, mara 2 kwa siku, kwa kasi inayokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Maumivu kidogo yanayotulia ndani ya siku moja yanavumilika. Goti linalovimba, linalokwama au linaloshindwa kukubeba lionwe na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.

Kama unapenda kufanya jambo kwa mkono, lipo moja lenye ushahidi mzuri zaidi kuhusu presha kuliko mkanda: kushika na kukaza kishikio kwa takriban asilimia 30 ya nguvu yako yote kwa dakika 2, kupumzika dakika 1 hadi 4, na kurudia hadi mara 4, siku 3 kwa wiki. Usizuie pumzi wakati wa kukaza, kwa maana hapo presha hupanda ghafla.

Kabla ya kuanza mazoezi mapya, muone daktari wako, na umwambie waziwazi baba yako alifariki akiwa na umri gani. Mwanaume wa karibu katika familia kupata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55 huongeza hatari yako kwa kiasi ambacho daktari atataka kukizingatia, pamoja na kupima lehemu na sukari na kuangalia moyo kwa kipimo cha umeme. Usisubiri miadi ukipata maumivu au kubanwa kifuani, hasa yanayosambaa mkononi, shingoni au tayani, ukikosa pumzi bila sababu, ukizimia, au upande mmoja wa uso au mwili ukilegea na maneno kupotea. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Kidonge chako cha asubuhi kiendelee kama kilivyo. Pima presha nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki moja kabla ya miadi, ukiwa umekaa na kutulia dakika 5, uandike namba zote, na umpelekee daktari karatasi hiyo.